Mkarafuu wa Mtia Makaa

Jumatano, 8 Oktoba 2025
Kuchambua karafuu tangu alasiri. Vidole vinawaka. Mkarafuu wa babake bibi umechumwa mwisho, kama kila msimu, na karafuu zake ziko kwenye jamvi lake dogo, peke yake. Zikikauka hukaa darini mwaka mzima zikimngoja mwenyewe, kisha hutolewa sadaka, zikawekwa mpya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baba huyo alikwenda kutia makaa kwenye meli kubwa ya abiria, akamwacha bibi tumboni. Meli ilizama. Kijiji kizima cha Ole kinajua. Bibi hakubali kuwa alikufa. Baba huyo hajasomewa hitima hata moja, ile dua ya marehemu.

Nimelichoka jamvi lile.

Ijumaa, 10 Oktoba
Tumerudi kutoka hospitali ya Chake Chake. Moyo wa bibi umechoka, daktari hakuficha. Sitaki afe akingoja. Mama anasema nimwache. Simwachi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimemwambia bibi akubali kuwa babake kafa. Hoja yake ni ile ile: meli ya abiria, wanawake na watoto, nani aipige? Imepotea tu, na aliyepotea huenda akarudi. Kisha akanigeukia: "We Zuhura, umesoma hata umekuwa fundi wa kuzika watu usiowaona?" Mama alicheka. Mie nilikasirika mpaka machozi.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeipata. Filamu ya wapiga mbizi walioifikia meli hiyo hiyo chini ya bahari, jina lile lile alilonifundisha bibi utotoni. Juu: vitanda, sinki, kiatu cha mtoto. Chini, kwenye shehena: makombora, safu juu ya safu, kama chupa za soda dukani. Ndiyo maana ilipigwa.

Mjomba Hamadi anasema nikimwua mamake hatanisamehe.

Naogopa. Nitamwonyesha.

Alhamisi, 16 Oktoba
Baada ya adhuhuri nilimshikia simu. Akaangalia mpaka mwisho, akataka tena. Akagusa kombora kwa kidole, picha ikasimama.

"Na haya nayo ni abiria?"

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Wamewalaza watoto wa watu juu ya haya. Na baba yuko chini anatia moto."

Hakulia. Akajilaza mpaka magharibi. Nilikaa namtazama anavyopumua. Nilijichukia. Ningerudishwa mchana ule, ningemwonyesha tena.

Ijumaa, 17 Oktoba
Asubuhi bibi kamwita Mjomba. Hitima Jumapili, hapa hapa nyumbani, na pilau iwe ya kutosha, asije mtu akasema marehemu babake alisomewa kwa njaa.

Marehemu. Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa babake.

Jumatatu, 20 Oktoba
Jana imesomwa. Masufuria bado hayajarudi kwa wenyewe.

Leo mawingu. Nikatoka kuanua karafuu. Bibi alikuwa amejilaza barazani, nikadhani kalala. "Zichanganye," akasema, macho kayafumba. Nikamwaga karafuu za babake juu ya zetu, nikazipekua kwa mikono miwili mpaka sikuzitambua tena.

Jamvi dogo nimelikung'uta. Bibi anakoroma.