Mgonjwa Anayeulizwa

Kaka yangu uliye mbali,

Yule paka wa marehemu baba ameng'olewa meno manne yaliyooza. Sasa nampondea samaki, nampashia moto kidogo, naye analamba sahani mpaka inang'aa. Uzito umerudi, na jana nilimkuta akijilamba manyoya kama bwana harusi.

Jirani akiuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" huwa namjibu habari za paka. Juzi akanikatiza: "Paka nimemwona ukutani, dada. Namuulizia mama."

Mama hali kitu, kaka. Tangu mazishi, gauni linamvaa yeye. Meno anayo yote, lakini nikimwekea chakula ananiuliza kama wewe umeshakula.

Nimemwambia unakuja Jumamosi, mtakula pamoja. Leo ameomba chanuo. Usiniumbue.

Ni mimi, dada yako