Mabega ya Baba Njeri na Pikipiki ya Mtaliano

Noonkopir, Kitengela. Jumanne, Agosti 2009.

Baridi kavu. Jua limekataa kutoka tangu asubuhi, mvua nayo imekataa zaidi, na mimi sina roho hata ya kuchambua mboga. Nimekaa jikoni na hii laptopu ya mjukuu wangu Shiru, yule aliyenifungulia blogu akisema, "Shosho, wewe uko na maneno mengi, andika watu wasome." Haya, someni. Mimi niliachia darasa la nne, kwa hivyo anayetafuta makosa ya kuandika aanze kutafuta kwao.

Hapa dirishani naona banda. Ndani ya banda kuna pikipiki, na juu ya pikipiki ameketi mzee wangu, Baba Njeri. Haijawashwa. Ufunguo niko nao mimi, ndani ya mkebe wa unga.

Baba Njeri haoni.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuandika hayo maneno, na vidole vimenigomea kidogo.

Hiyo pikipiki ilikuwa ya Mtaliano fulani aliyekuwa akijenga barabara, na Baba Njeri alikuwa fundi wake. Alipoenda kwao, miaka ya tisini ikianza, alimwachia. Nyekundu kama nyanya imeiva. Si kama hizi za bodaboda zinazolia kama mbu ndani ya chupa. Hii injini yake imetoa mitungi miwili nje, zile silinda, mmoja huku, mwingine kule, kama mwanamke ameshika kiuno anangoja umjibu. Haina cheni. Haina kioo cha kukukinga, upepo wote wa hizi mbuga ni wako, kula ushibe. Na ukiiwasha ikiwa imesimama, inalalia kulia kidogo, kama mtu amesikia jina lake likiitwa. Siku ya kwanza nilipiga nduru. Baba Njeri alicheka mpaka akakohoa.

"Imekusalimia tu, Mama Njeri. Itikia."

Inaringa. Asubuhi ya baridi haitaki kushika, unaibembeleza kama mtoto wa kwanza. Lakini ikishapata joto, ukipita Isinya na barabara inyooke, inaacha kutetemeka na inaanza kuimba kwa kifua. Hapo hata mimi ninayejua kulalamika nilikuwa nanyamaza.

Mimi hukaa upande. Miguu yote kushoto, rinda limefunika magoti, vile mama wa kanisa anakaa. Ekzosi ilishanichoma mguu na alama iko mpaka leo, lakini kupanua miguu kama kijana? Hapana. Na kwa sababu upepo haukubali maongezi, tulikuwa na lugha yetu ya mkono. Nikimgonga bega la kushoto: polepole, kuna kitu. Bega la kulia: pita, kuko sawa. Yote mawili pamoja: simama, tumefika.

Zamani huo ulikuwa mchezo wa mke na mume. Sasa kama miaka miwili si mchezo tena.

Macho yake yalianza kuisha pembeni, halafu ukungu ukaingia katikati. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu alianza kungoja bega. Yeye hakusema, nami sikuuliza, na safari za Kajiado kwa Njeri, kifungua mimba wetu, hazikukatika. Watu wakituona wanasema, wazee hawa wamependana! Nami najivuna. Shosho gani mwingine hapa Kitengela anafika kwa watoto wake na pikipiki ya Mtaliano? Hospitali ya macho alikataa, alijua daktari atamwambia aache kuendesha. Nikamwacha akatae.

Basi, jana.

Tulikuwa tunarudi kutoka kwa Njeri. Nyasi imeisha kila mahali na Wamaasai wanahamisha ng'ombe wao, hata Kitengela mjini wanalala. Upande wa kushoto nilikuwa naona vizuri, hakuna kitu. Nikagonga bega la kulia. Pita.

Ng'ombe walitoka kulia.

Mimi huangalia kushoto, na mgongo wa Baba Njeri, mpana kama mlango, unanifungia kule kwingine. Siku hizi zote nimekuwa macho ya mtu, na nilikuwa nikimpa nusu ya barabara. Kwa sababu ya rinda!

Kengele ya ng'ombe niliisikia kabla sijamwona mwenye kengele. Nikampiga mabega yote mawili kwa ngumi. Pikipiki iliyumba, ikaingia kwa changarawe, ikatukaanga kama bisi, halafu ikasimama wima. Uzito wake ndio ulituokoa, ingine ingetumwaga. Pembe ya ng'ombe ilikuwa karibu na goti la Baba Njeri hivi, ungetundikia kikapu.

Mchungaji alikuja mbio na rungu, mzee wa rika letu. Alikuwa na hasira mpaka alipoangalia uso wa Baba Njeri. Akapitisha mkono mbele ya yale macho.

"Yeyo," akaniita, vile wao humwita mama, "huyu mzee wako haoni."

"Naona!" Baba Njeri akasema. "Wewe ndiye huoni barabara ni ya magari."

"Sawa, mzee. Huyu ng'ombe amesimama mbele yako ni wa rangi gani?"

Ng'ombe anapumua. Injini inaguruma.

Na Baba Njeri akanirudishia bega nyuma, kidogo tu, yule mtu asione. Kwanza la kushoto. Halafu la kulia. Akangoja.

Hatuna gonga ya rangi.

Mkono wangu ulibaki hewani. Nimezaa na huyu mtu watoto watano, tumehama naye kutoka Nyeri na magunia mawili, na sijawahi kumwona akiomba. Jana aliomba, na sikuwa na cha kumpa.

"Mwekundu," akasema mwishowe.

Alikuwa mweusi, na kiraka cheupe tumboni.

Mchungaji hakucheka. Afadhali angecheka, ningemtukana nikapoa. Alisema tu, "Yeyo, ukame unatosha kuua. Usiusaidie." Akawapigia ng'ombe wake mluzi, akaenda.

Ndiyo, tulirudi nyumbani na hiyo hiyo pikipiki, yeye akiendesha. Msinikemee, najikemea mwenyewe. Nilipandisha rinda mbele ya ng'ombe wa watu nikakaa kama kijana, goti huku, goti huku, kidevu begani mwake. Nikaona barabara yote. Joto la ile mitungi likanipanda miguuni, nikaisikia mashine ikipumua ndani ya mifupa yangu, na lori zikatupigia honi kwa vile tulienda kama konokono. Ilikuwa safari tamu kuliko zote. Nililia njia nzima.

Leo asubuhi, akinywa uji, akasema, "Jumamosi twende tena. Si sasa umejua kukaa?"

Nikimkatalia ataenda peke yake, namjua. Nikimwambia Njeri, atakuja na ndugu zake waibebe pikipiki kwa pikapu, na mzee wangu atawekwa kwa ukuta aote jua kama gunia la mahindi. Kuna kifo cha barabarani na kuna kifo cha kitini. Ninyi mliosoma, niambieni mimi nichague kipi.

Saa ile nilikuwa natafuta herufi hapa, nimeacha kuandika, nimempigia Njeri. Nimemwambia yote. Amesema, "Mami, kwa nini?" Nimemkatia simu. Atakuja kesho.

Baba Njeri bado yuko bandani. Ameshika usukani na mikono yote miwili, na amelalia kulia kidogo, vile pikipiki ingelalia kama ingekuwa na moto. Sasa amesogea mbele kwenye kiti. Ameacha nafasi yangu.

Ananiita. "Mama Njeri! Kuja!"

Naenda. Nitapandisha rinda nikae nyuma yake, mashine imezima, nimgonge mabega yote mawili pamoja. Gonga hiyo anaijua.

Na akiniuliza tumefika wapi, nitamjibu nini?