Mke wa Mtawala, Ukurasa wa Tisa

Kigonsera, Jumatano, Julai 1994

Afadhali nimemaliza. Kitabu alichonipa Padre nikitafsiri ni habari za mtawala mmoja wa Kijerumani wa zamani, aliyefukuzwa na vita kwenye ngome yake mara tatu. Jioni nikamsomea mke wangu huku akipukuchua maharage.

"Huyo mtawala hakuoa?" akauliza.

"Alioa. Mke alifariki akijifungua, wakiwa njiani wanakimbia. Ukurasa wa tisa."

"Halafu?"

"Basi. Mstari mmoja. Farasi wake ana kurasa nne."

Akaendelea na maharage. Nikakasirika. Kwani nilikiandika mimi? Mimi ni mtafsiri tu.

Baadaye nikapekua daftari hili tangu Januari. Wanunuzi binafsi wa kahawa wamo karibu kila wiki. Baiskeli yangu imo mara kumi na moja. Mke wangu yumo mara moja, siku alipounguza ugali.

Keshokutwa anapanda lori kwenda hospitali ya misheni kujifungua. Mtoto wa kwanza hatukurudi naye. Naogopa.

Anaitwa Skolastika.