Nota ya Jirani

Mbaha,
10 Februari 2025

Mdogo wangu Asteria,

Kabla hujaendelea kusoma, geuka uangalie nyuma yako. Nakuomba kwa heshima ya baba aliyelala, neno hata moja la barua hii lisitoke kwako. Usimwambie hata Hildegardi, ingawa najua analala kitanda cha juu yako na humfichi kitu. Ukimaliza, ichome. Hapana, usiichome, moshi utamleta matroni. Ichane uitupe chooni.

Hujambo lakini? Kifua kimepona? Baridi ya huko Mbinga isikudanganye, vaa sweta hata jua likiwaka. Huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo akishapepeta dagaa wa usipa, mchana anakuwa mzima. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inayodundadunda.

Ni kuhusu ule wimbo wako, “Upepo Umetulia”, ulioniachia Krismasi niuchape. Niliuchapa kwenye mashine ya ofisi Padri alipokwenda vigangoni. Nikatoa nakala, na nakala moja ikachanganyika na karatasi za kwaya. Naandika “ikachanganyika”, lakini niliichanganya mwenyewe. Ulisema hujawahi kuusikia kwa sauti zote nne, na maneno yale yalinikaa.

Sikujua kama watu wangeuliza. Jumatano Mwalimu Stephano, aliyeshika kwaya baada ya baba, alisimama dirishani kwangu akiwa na karatasi mkononi.

“Karani, huu wimbo ni wa nani?”

Asteria, nilikumbuka mama alivyokuapisha baada ya yale matokeo ya kemia, kwamba hakuna nyimbo mpaka umalize kidato cha sita. “Nyimbo ndizo zilizomla baba yenu, hazitanilia na mtoto.” Nikakumbuka pia kwamba mashine ni ya parokia, mimi nina miezi mitano tu kazini. Mdomo ukasema wenyewe: “Nimeukuta kwenye makaratasi ya marehemu baba, nikauchapa.”

Mwalimu Stephano akavua kofia. Akasimama hivyo kichwa wazi, mpaka nikatamani dirisha lijifunge.

Wataimba siku ya mtakatifu somo wa parokia, mwezi ujao. Padri ameshatangaza, na mazoezi yameanza. Niambie nifanye nini. Usijibu kwa posta, shuleni wanafungua barua. Mpe Lidia, muuza usipa, Jumapili mkitoka misa.

Kaka yako mwenye hofu,
Dastan


Mbinga,
23 Februari 2025

Kaka Dastan,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi sijambo, kifua kimepona. Barua yako ilinuka usipa mpaka Hildegardi akauliza ugali uko wapi. Sijamwambia kitu. Nimemwambia kidogo.

Ulisikikaje?

Umeandika kurasa mbili na hilo hukulisema. Walipofika kwenye mstari wa “mbona maji bado”, wimbo ulisikikaje? Besi walishika do yao mpaka mwisho? Sauti ya tatu waliingia na re juu yake bila kuogopa?

Nikueleze, maana huku hakuna wa kumweleza. Darasani sauti ni herufi ubaoni: urefu wa wimbi, mwendo, jibu, tumalize tuende mada nyingine. Mwalimu ni mzuri, ila mtihani unamkimbiza. Mimi nikitoka darasani nakwenda nyuma ya bweni, kwenye shamba la ngoro la jirani, haya mashimo ya kulimia ya milimani, nakaa ndani ya shimo moja ambako upepo haunifikii. Nina chupa nne za soda. Ukipuliza mdomo wa chupa inalia, na ukiongeza maji sauti inapanda. Chupa ya do ina maji kidogo. Ya re nimeiongezea upana wa kidole. Wasichana wananiita Mganga wa Chupa. “Mganga, nipigie ramli, nitafaulu?” Nacheka nao, halafu wanaondoka.

Siku moja nilimshawishi Hildegardi apulize do, mimi re. Sauti mbili za jirani zikikaa pamoja hazitulii, Kaka. Zinakwaruzana, hewa inatetemeka katikati yao, unaisikia hata kwenye meno. Hildegardi akasema, “Acha, inaniumiza.” Mimi nikalia. Ilikuwa kama pale ufukweni upepo unapokoma na mawimbi bado yanapiga, kama nyumbani siku zile baada ya mazishi. Watu wameondoka, kumetulia, na bado. Wimbo wote niliuandika kwa ajili ya neno hilo moja.

Kuhusu jina la baba sijui niseme nini. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nenda mazoezini usikilize. Uniandikie.

Mdogo wako,
Asteria


Mbaha,
9 Machi 2025

Mdogo wangu Asteria,

Hujambo? Masomo yanaendaje, hasa kemia? Sisi tunamshukuru Mungu. Sweta la pili nimempa Lidia. Usiliuze.

Nimekwenda mazoezini. Nilikaa benchi la nyuma kabisa nikijifanya nahesabu viti vibovu. Unajua mimi na nyimbo. Baba alikuwa akisema nina sauti ya bawaba, akanipa kazi ya kushika taa. Kwa hiyo nakueleza nilivyoweza tu. Walipoanza nilihisi kama mtu amefungua mlango wa nyumba yetu ya zamani. Nilijua kila chumba.

Mama alikuwepo. Mwalimu Stephano alikwenda mwenyewe kumwita. Hakulia. Baadaye aliomba nakala, na sasa inakaa chini ya mto wake, ina jina la baba nililoliandika kwa mkono wangu. Juzi nimemsikia akiimba mstari wa kwanza akipepeta usipa. Mama, Asteria! Tangu msiba hajafungua mdomo kwa wimbo. Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Nikisema ukweli, namfisha mume wake mara ya pili.

Kuna jambo jingine, na nimelizungusha hadi hapa kwa sababu ya woga. Pale kwenye “bado” walipofika, Mwalimu Stephano aligonga meza.

“Sauti ya tatu! Mnasoma nini hapo?”

“Re, Mwalimu. Ndivyo ilivyoandikwa.”

“Re juu ya do? Mwalimu Cuthbert hakuwa mtu wa kugombanisha nota. Marehemu alikuwa mgonjwa, mkono ulitetemeka. Imbeni mi.”

Wakaimba mi. Ikawa tamu, kila mtu akaitikia kwa kichwa, na akina mama wakasema, “Hapo sasa.” Hata mimi niliiona tamu. Kisha nikakumbuka barua yako.

Nisamehe kwa kukuletea habari hii.

Kaka yako,
Dastan


Mbinga,
16 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama msalimie.

Jina mpe baba. Nimelia siku mbili na nimekubali. Kama mama anaimba, basi wimbo ni wa baba, uandikwe hivyo mpaka mwisho wa dunia, na mimi nitasoma kemia.

Nota nirudishieni.

Mkono haukutetemeka. Mkono ulikuwa wangu, na ulijua unachoandika. Wakiimba mi pale, upepo umetulia na maji yametulia, basi wimbo unauliza nini? Wanaimba “bado” wakati wameshapona. Mimi sijapona, Kaka. Huku nina watu mia tatu na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwambia hivi.

Mwambie Mwalimu Stephano chochote unachojua kusema. Wewe ndiye uliyetoa karatasi hiyo. Mwambie baba alikusudia, mwambie alikueleza. Umeshadanganya mara moja kwa woga, sasa danganya mara moja kwa ajili yangu.

Matroni ameanza kuuliza chupa ni za nini. Kama nikikaa kimya, usidhani nimekasirika.

Mdogo wako,
Asteria


Kitura,
27 Aprili 2025

Mdogo wangu Asteria,

Hujambo huko uliko? Kifua? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima. Ni ya tatu. Mbili za kwanza Lidia alizirudisha, anasema wasichana wa kidato chenu hawatolewi tena nje kwa misa, Padri anawafuata ndani. Kwa hiyo sijui kama umenyimwa ruhusa au umeninyima neno. Uliniambia nisidhani umekasirika. Mchana najitahidi.

Nilikwenda kwa Mwalimu Stephano kama ulivyotaka. Nilimwambia baba alikusudia re. Akanishika bega kwa huruma. “Mwanangu, wewe ni karani mzuri. Nyimbo tuachie sisi.” Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Usiku ule, kwa mara ya kwanza, sikujilaumu. Nilipuliza chupa. Niliiongezea maji kwa kidole changu, na kwa kuwa kidole changu ni kinene kuliko chako, nilikosea mara nyingi. Kila jioni nikitoka ofisini nilikwenda kwenye mawe ya ufukweni nikaishika re hiyo kwa koo langu la bawaba, watoto wakiniuliza, “Karani, unaumwa?” Kisha nikaomba kujiunga na kwaya, sauti ya tatu. Walicheka, wakanipa joho.

Siku ya somo kanisa lilijaa hadi nje. Tulipofika “mbona maji bado”, wenzangu wakapanda kwenye mi, mimi nikabaki kwenye re. Sikuimba kwa nguvu. Lakini besi walikuwa chini yangu na wenzangu juu yangu, na hewa ikatetemeka, Asteria. Niliisikia kwenye meno. Watu wa mbele wakageuka. Mkono wa Mwalimu Stephano ukasimama hewani, besi wakadhani anawaambia washike, wakashika. Tulikaa pale kwenye “bado” muda mrefu kuliko ulivyoandika.

Nje Mwalimu Stephano alinikamata joho.

“Umeharibu wimbo wa marehemu! Mbele ya mjane wake!”

Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa samahani. Likatoka hili: “Si wa marehemu. Ni wa Asteria. Na hiyo re ni yake, ameikusudia.”

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikujua. Hakunipiga, hakulia. Alisema, “Nilijua pale kwenye ‘bado’. Baba yenu hakuwahi kuthubutu.” Akaenda nyumbani peke yake, kwa njia ya ufukweni, viatu mkononi.

Jumatatu nilirudisha funguo za ofisi kabla sijaulizwa. Padri akanitazama. “Nani amekufukuza?” Nikasema hakuna. Akasema, “Basi rudi kazini.” Sikuweza. Ningekaa vipi dirishani pale, kila anayepita ananitazama? Na nyumbani mama ananipakulia, ananiwekea maji ya kuoga, na hasemi. Siku niliyofunga begi alinipa ile karatasi ya chini ya mto. “Mpe mwenyewe.” Jina la baba amelikata kwa mstari mmoja, na hakuandika jingine. Nadhani nafasi amekuachia wewe. Sijui. Pengine hakuwa na la kuandika.

Wimbo hawauimbi tena. Mwalimu Stephano aliniambia njiani kwamba atamsubiri mtunzi aje aufundishe mwenyewe. Sikujua kama ananidhihaki. Uso wake haukuwa wa dhihaka.

Sasa nipo Kitura kwa mama mdogo Luisa, naandika hesabu za kikundi cha wakulima wa kahawa. Hapa wanazungumza Kimatengo, mimi nacheka wakicheka. Jioni ni ndefu.

Barua hii nimempa mjomba wake Hildegardi, mzee Tadei, anayekwenda kumlipia ada. Ikikufikia, shika haya. Usiandike Mbaha, sipo. Shule ikifungwa panda gari la Kitura, ushuke penye kibanda cha kukusanyia kahawa. Usiulize Dastan, hapa hawanijui kwa jina hilo, mimi ni Karani wa Ziwani. Usihangaike kutafuta njia ya kuvuka bonde, ngoro zimelimwa upya na vijia vimehama. Simama pale ukingoni, nyumba ya mama mdogo ni ile ya ng'ambo yenye bati jipya. Sauti inavuka vizuri huku, watu wanaitana mlima kwa mlima. Njoo na chupa moja tu, kama matroni amekuachia hata moja. Tia maji, ongeza upana wa kidole, kidole chako, si changu. Puliza re, na wakikucheka usiibadilishe.

Mimi ninayo ya do, ipo dirishani. Nitaishika mpaka unione nashuka.

Kaka yako,
Dastan