Wimbo wa Papa Kule Yanonge

Yanonge, Jumapili

Sijui kama nitapata usingizi. Nyimbo za marehemu papa, baba yangu, bado zinavuma kichwani mwangu.

Nilitoka Kisangani na hofu kwamba watakuja watu wachache tu kumkumbuka. Mimi mwenyewe nimeanza kuisahau sauti yake. Lakini leo mchana ghala la mpunga lilijaa hadi nje. Tonton Lofemba, mdogo wake papa, alipiga gitaa, wavuvi wakapiga likembe kwa vidole gumba, na watu nisiowajua wakaimba kila neno.

Kisha wakaanza ule wimbo ambao papa alinitungia nilipokuwa mchanga. Nilidhani ni wa nyumbani kwetu tu. Mama mmoja kando yangu, mtoto mgongoni, aliuimba amefumba macho.

"Nani alikufundisha?" nikamuuliza.

"Mama yangu. Kwetu Yahuma watoto wote wanalala na huu."

"Na huyu Bolumbu wa ndani ya wimbo, unamujua?"

"Hapana. Labda iko mutu ya zamani."

"Ni miye," nikasema.

Hakucheka. Halafu akafungua kitenge, akaniwekea mtoto wake mikononi, tukaendelea kuimba pamoja.