Baba Hakuuliza Nani Amechinja

Shinyanga mjini,
Jumapili, baada ya alasiri.

Dada yangu Safiya,

Shikamoo dada. Kabla sijakuuliza hali, kuna jambo nataka nilitoe kwanza, maana najijua, nikilichelewesha nitalimeza. Sijamwambia mtu yeyote, si shangazi, wala Dorah niliyekaa naye dawati moja mpaka tunamaliza shule. Mwezi uliopita nilikula chakula chako. Nilikaa kwenye hoteli yako Nyarugusu, nikala wali na kuku uliopika wewe, nikauona mgongo wako, kisha nikaondoka bila kukuita. Na sikuwa peke yangu. Nilikuwa na baba.

Nakuomba usiiweke barua hii chini. Endelea kusoma, nitakueleza yote.

Sasa nikusalimu inavyotakiwa. U hali gani dada? Shemeji Mabula hajambo? Natumaini anashuka shimoni na kupanda salama. Sisi huku hatujambo. Shangazi Mwahija magoti yanamsumbua, ila mdomo wake ni mzima kabisa. Mimi nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Nimekuwa mrefu, gauni ulilonishonea sasa ni blauzi. Aibu yangu ni ileile. Mgeni akibisha hodi bado nakimbilia jikoni, na ndiyo sababu naandika badala ya kukutafuta kwa simu. Kwenye simu ningesema “haya” na “sawa” mpaka salio likatike.

Safari yenyewe ilitokana na shangazi. Alimwambia baba kwamba msichana akikaa ndani kusubiri matokeo ataota ukungu, hivyo anichukue kwenye mizunguko yake ya kuuza viungo nikamsaidie kupima mdalasini na kufunga vipakiti. Baba alifikiri kidogo, akakubali. Dereva bado ni yule Athanas wa Samuye, na gari ni Noah ileile, ila mlango wa nyuma siku hizi unafungwa kwa kamba.

Wewe unajua tulivyolelewa. Tangu mama afariki ulitupikia wewe, na chakula cha hotelini tulikijua kwa kupita nje na kunusa. Kwa hiyo siku ya kwanza Kahama, nilipowekewa sahani mbele ya watu nisiowajua, niligeukia ukutani nikaanza kula polepole. Athanas aliniuliza kama ukuta nao nimeuagizia. Nilicheka mpaka wali ukanipalia, na baada ya hapo nikaona hakuna tena cha kuonea aibu.

Kilichonishangaza ni baba. Dada, baba yetu ni mtu maarufu barabarani. Madereva wa malori humpigia simu wakiwa njiani kumuuliza wale wapi Kakola, wale wapi Katoro, wapi Geita mjini, naye huwajibu bila kufikiri, na hoteli zenyewe nyingine hazina hata bango. Nilitaka kujua amezijuaje zote, kwa sababu viungo vyake anawauzia wenye hoteli wachache tu. Nikaanza kumuuliza maswali. Kumbe baba anapenda kuulizwa. Nyumbani hatukuwahi kujua, maana nyumbani tulikuwa tunajibu tu.

Alinifundisha kuanzia uani. Alisema mbele ya hoteli hupangwa kwa ajili ya mteja, lakini uani wanapanga kwa ajili yao wenyewe, basi nikachungulie uani. Alisema nimuulize mhudumu wamepika nini, na akinitajia vyakula vingi kwa pumzi moja nimshukuru niondoke, kwa sababu vingi kati ya hivyo ni vya jana. Akinitajia viwili, nikae. Nitazame pia kama mpishi naye anakula alichopika. Na mwisho kabisa, kama kuna nyama au kuku, nisinawe mikono kabla sijauliza nani amechinja.

Hilo la kuchinja halikosi hata siku moja. Anauliza hata pale anapojulikana. Mama Violeth wa Kahama, ambaye ni Mkristo na amempikia miaka mingi, alicheka akaweka mikono kiunoni.

“Baba Safiya, jana alikuwa Ayubu, leo ni Ayubu, na kesho Mungu akimweka atakuwa Ayubu. Utachoka lini?”

Nilimtazama baba haraka. Wewe hujui, jina hilo amelipiga marufuku mtaani kwetu. Tangu ulipoondoka na shemeji amewaambia majirani wote wamwite Baba Zakia, kwa jina langu, na Mzee Sabiti wa duka la kona alipojisahau, baba aliacha kununua sukari kwake. Lakini pale Kahama alisema tu, haya mama, akanawa. Nilishangaa.

Katoro alizikataa hoteli mbili. Ya kwanza mhudumu alitaja vyakula mpaka akasahau alikoanzia. Ya pili, baba alipouliza nani amechinja, mhudumu alisema amechinja mwenye hoteli, na mwenye hoteli alipoitwa akasema amechinja mhudumu. Athanas alikuwa na njaa kali. Akasema, “Mzee, huyu kuku ameshakufa, kumwacha hapa ni kumwongezea msiba.” Baba hakucheka. Tulikula sato wa kukaanga mahali pengine, kwa sababu samaki hachinjwi.

Nakueleza haya ili uelewe kilichotokea kesho yake.

Asubuhi baba alimwambia Athanas akunje kuelekea Nyarugusu. Nilimuuliza tunampelekea nani viungo, akasema tunapita tu. Sikuwahi kufika machimboni. Nilishangaa kelele za karasha zinazosaga mawe, vumbi lililokaa juu ya kila kitu kama unga, na wachimbaji waliorowa matope wakitembea na simu nzuri kuliko ya mwalimu mkuu wetu. Baba alipita hoteli zote bila kuzitazama, akaenda moja kwa moja kwenye banda lako la mabati na turubai. Hakuzunguka uani. Alikaa kwenye meza ya pembeni, ile inayotazama barabara, akaipa mgongo jiko.

Akaja mhudumu wako, yule dada Bhoke. Akataja chipsi, mayai, ugali, wali, kuku, maini, dagaa, maharage, supu. Nikakusanya mtandio wangu tayari kuondoka. Baba akasema, “Wali na kuku.” Nilingoja aulize lile swali lake. Hakuuliza. Alinawa mikono. Nikadhani ni uchovu wa barabara.

Tonge la kwanza ndilo lililoniambia. Ule mchuzi, dada. Ulikuwa mzito, na mwishoni una utamu mdogo unaokaa nyuma ya ulimi. Michembe iliyotwangwa. Mama alikuja na michembe kutoka kwao Kishapu, baba akataka mchuzi mzito kama wa nazi wa mama yake wa Pangani, na nazi hapa ilikuwa ya kubahatisha, basi mama akatwanga viazi vyake vikavu akanyunyizia. Hakuna nyumba nyingine nimewahi kuukuta mchuzi ule. Mimi mwenyewe nimejaribu tangu uondoke, unatoka madonge. Niliinamia sahani ili baba asiyaone macho yangu.

Halafu nikasikia mtoto akilia jikoni, na Bhoke akapaza sauti kuelekea huko: “Mama Nuruddin, mtoto analia, na wali wa meza ya kati uko wapi?”

Mkono wa baba ulisimama juu ya sahani. Nuruddin ni jina lake baba, kumbe ndilo ulilompa mwanao, na nadhani nilikuwa sijawahi kulisikia likitajwa kwa sauti kubwa hivyo, maana sisi tunamwita baba na wengine wanamwita mzee. Alikaa hivyo kidogo, kisha akaendelea kula.

Niliogopa sana. Nilikumbuka siku wazee wa shemeji walipokuja kuposa, baba aliposema hatoi binti kwa asiye wa dini yetu, akainuka na kuwaacha mkekani na juisi zao mkononi. Niliona atainuka tena vilevile, sahani ibaki mezani, nawe utoke jikoni wakati huohuo umwone anakwenda. Nikasema naenda kunawa. Pale kwenye ndoo kuna pazia la viroba, nikachungulia. Ulikuwa umeinamia sufuria na mtoto mgongoni, na ulikuwa unajikuna shavu la mguu mmoja kwa kidole cha mguu wa pili, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote ukikoroga. Mtoto akageuza kichwa akanitazama. Dada, ana masikio ya baba. Yaleyale yalivyo, yote mawili. Nilitaka kukuita. Ningekuita, ungegeuka, ungetoka, na baba angeinuka aondoke. Nikarudi mezani.

Nilikuta baba anaongea na Bhoke. Baba, ambaye hajawahi kuomba nyongeza hotelini kwa sababu anasema mtu hamalizi njaa yake yote mbele za watu, alikuwa anaomba wali zaidi. Bhoke akaita, “Mama Nuruddin, nyongeza ya wali!” Wali ukaja. Baba akasema mchuzi umepungua. Bhoke akaita tena. Kisha akataka ndimu. Kisha pilipili, naye hali pilipili. Kisha chai, katika jua lile. Kila mara Bhoke aliita jina lile, na kila mara baba aliinamisha kichwa kidogo. Athanas akamtania kwamba hata Ramadhani hajamwona akifuturu namna hiyo. Baba akamwambia ale, aache maneno. Wakati ule mimi nilifikiri ni njaa tu, na nilikuwa namwomba Mungu ashibe upesi.

Chai hakuinywa. Alipoinuka alitoa kipakiti cha iliki mfukoni, akampa Bhoke, akasema ampe mpishi, ni mabaki ya mzigo. Iliki ile haikuwa mabaki. Niliifunga mimi mwenyewe asubuhi, alinichagulia punje moja moja, za kijani tupu.

Tulipanda gari, tukaenda mpaka tukafika lami. Ndipo baba akasema, akitazama barabara, “Chumvi bado anazidisha.”

Athanas akauliza nani, yule binti mhudumu? Baba akamwambia aendeshe gari.

Dada, nilijua ni wewe anayekusema. Hayo ndiyo maneno aliyokuwa anakuambia kila Ijumaa tukiwa wadogo, nawe unamjibu kwamba basi apike yeye.

Tulipofika Katoro baba aliingia msikitini kuswali adhuhuri, nami nikajikaza nikamuuliza Athanas. Aliniambia kwamba huo siyo mwanzo. Alisema baada ya wewe kuondoka, baba alisikia tu kwamba uko machimboni unapikia watu, hakusikia ni machimbo gani. Tangu hapo akawa haipiti hoteli hata moja bila kuonja. Kila kijiji chenye shimo la dhahabu, wanasimama, baba anaagiza mchuzi, anaonja kijiko kimoja, wanaondoka. Athanas alidhani mzee anachagua chakula kama mgonjwa. Madereva wengine wakaanza kumuuliza wapi kuna chakula kizuri, kwa kuwa alikuwa ameonja kote. Mpaka siku moja Nyarugusu alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini, akala sahani yote kwa mkono. Tangu siku hiyo hatafuti tena, ila kila mzunguko lazima wapite pale. Athanas akamalizia kwamba ameendesha gari bila kuuliza, na mimi pia nisimuulize zaidi, wabeja, asante.

Usiku nililala nikifikiria lile swali. Pale ndipo alipopaswa kuliuliza kuliko hoteli zote za njia ile. Mumewe mpishi ni Mkristo, wateja ni wa kila aina, hakuna anayejuana na mwenzake. Baba amemwamini Mama Violeth miaka yote na bado anamuuliza. Wewe hakukuuliza.

Labda haya yote unayajua. Labda uliinusa iliki ukajua, na ndiyo maana hutoki jikoni mzee wa viungo anapokuja. Kama ndivyo, basi mjinga wa familia nimebaki mimi peke yangu, na nafurahi.

Barua hii Athanas atampa Bhoke, iko chini ya mdalasini. Hajui kilichoandikwa. Tutapita tena mwezi ujao, siku ya pili baada ya mnada wa Katoro, karibu na adhuhuri. Sikuombi utoke, wala sikuombi umwombe radhi. Ninakuomba jambo dogo. Siku hiyo usimbebe mtoto. Mwache atambae mbele, kuelekea meza ya pembeni, na Bhoke asiharakishe kumchukua. Na chumvi usiipunguze.

Msalimie sana shemeji. Mbusu mtoto wetu kwenye sikio, la kulia, kisha la kushoto. Shangazi angekusalimu kama angejua naandika.

Nakusihi dada, haya yabaki kati yetu. Usimwambie Bhoke, wala usimwonyeshe baba hata kwa jicho kwamba unajua. Unamfahamu. Akigundua kwamba tumemgundua ataona haya, na atasema Nyarugusu hakuna chakula.

Mdogo wako akupendaye,
Zakia