Nimepokea Pole ya Msiba Nisioujua

Tunduma, Jumamosi, mwezi wa saba

Leo kuna upepo na vumbi, na baridi ile ya Julai inayopenya mpaka kwenye soksi. Nimepanga chumba gesti, nyuma ya stendi. Nje malori yanapiga honi kwenye foleni ya mpaka, na mimi nimekaa kitandani na koti langu. Sina huzuni, sina furaha. Ukiniuliza nikoje nitakwambia salama.

Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Ninasoma chuo Kasama, upande wa Zambia, mwaka wa pili sasa. Kwetu Mbozi wanasema "yuko nje", na wanavyolitamka utadhani nimevuka bahari, wakati ni basi moja tu hadi Nakonde, unavuka mpaka kwa miguu, unatafuta gari la Vwawa. Miezi ya mwanzo nililia sana kule. Wenzangu chumbani walikuwa wanacheka kwa Kibemba na mimi nawatazama midomo. Nilimkumbuka bibi yangu, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nilikumbuka hata moshi wa jiko lake.

Halafu nikapata dawa. Nikajifunza kuitikia. Mtu akinimwagia Kibemba cha haraka nasema "eya mukwai", ndiyo yao ya heshima, na anaendelea. Wakicheka, nacheka. Nikipewa pole nasema asante, nikipewa hongera nasema asante. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, kichwa kinatikisika chenyewe. Watu wakasema huyu Mtanzania amezoea haraka, nami nikaamini. Mwaka huu sijalia hata mara moja, na nilikuwa najisifia.

Leo chuo kimefungwa, nikavuka. Kabla ya kutafuta gari nikapita kwa Mama Neema, jirani yetu wa kijijini, anayeuza chai na chapati hapa karibu na maegesho ya malori. Hata shikamoo yangu hakuingoja iishe. Aliacha chapati kwenye kikaango akaja kunishika mikono yote miwili.

"Pole na msiba, mwanangu."

"Asante, mama. Tumeshapoa."

Nilimjibu papo hapo, vizuri kabisa, kwa sauti inayofaa.

"Tumshukuru Mungu, tulizika vizuri. Watu walijaa mpaka barabarani," akasema. "Ila nyumba yenu sasa itapooza."

"Kweli, mama."

Alikuwa ameshanimiminia chai ndipo maneno yake yakaniingia. Kuna mtu wa nyumbani kwetu amekufa, na pole yake nimeshaipokea. Sasa unaulizaje? Utamuulizaje mtu marehemu ni nani wakati umeshamwambia umepoa?

Nyumbani ni watatu tu: baba, mama na bibi. Nilikaa pale namsikiliza Mama Neema nikiomba amtaje, au basi adondoshe hata neno moja la kunielekeza. Alisema "marehemu". Alisema alikuwa mtu wa watu. Alisema hakuteseka. Kiswahili chetu hakijali, mwanamke ni "alikuwa" na mwanaume ni "alikuwa". Nikanywa chai yote. Nikala na chapati, na ilikuwa tamu. Kwamba ilikuwa tamu ndicho kinachoniuma, kama kuna kinachoniuma.

Nikaaga, nikasogea ukutani, nikampigia mama. Alipopokea nikajua marehemu si yeye. Nyuma yake nikamsikia baba akikohoa, kile kikohozi anachotanguliza kabla ya kuongea, akiuliza kama nimevuka salama. Nikamshukuru Mungu. Nilishukuru kwa moyo wote, huku najua kabisa aliyebaki ni nani.

"Nisalimie bibi," nikasema.

Siku zote nikisema hivyo mama humpelekea simu, na bibi huishika mbali na sikio akinipigia kelele kwa Kinyiha, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Leo mama amesema:

"Zimefika, mwanangu."

Haraka hivyo. Kisha akasema nilale huku huku, niondoke kesho mchana, baba mdogo atanipokea stendi. Tangu lini mimi napokewa? Wanataka muda wa kuwaita mashangazi, wanikalishe chini, waniambie taratibu. Nilikuwa nje na nilikuwa na mitihani, na kwetu mtu aliye nje haambiwi msiba kwenye simu. Sina hasira nao. Nafikiria mama alivyokuwa akiniandikia "soma kwa bidii" huku matanga yakiwa uani.

Nikamwambia sawa, mama. Sikumwambia kwamba najua. Ameshajipanga atakavyoniambia, sitaki kumharibia.

Tangu niingie humu chumbani najaribu kulia. Nimemfikiria bibi kwa makusudi, mikono yake, anavyochambua maharage huku anatazama watu wanaopita njiani. Nikapiga miayo.

Bibi yangu amekufa. Nimeandika ili nione.

Hakuna kitu.

Nilidhani ugeni nimeuzoea, kumbe nimekufa ganzi tu, na ganzi nimevuka nayo mpaka huku. Kwetu aliyechelewa msiba hulia tangu njiani, na wanawake hulia naye upya, hata wale waliokwishapoa. Hivyo kesho watakuwa wananisubiri. Naogopa nitakaa pale kwenye mkeka, mama ataniambia, nami nitasema "sawa mama, asante" kwa adabu zangu zote. Mashangazi watatazamana. Watasema nje kumemfanya mtoto jiwe, na sitakuwa na la kubisha.

Bibi amezikwa bila mimi, hilo limeshapita. Iliyobaki ni kesho. Mama akifungua mdomo kuniambia, Mungu wangu, naomba nishindwe kumjibu.